Malkia wa Panga Aliyekatwa Ubavu

Karata iliyonipatia kazi ilikatwa kwa wembe. Mtu aliipunguza ubavu mmoja, kutoka juu hadi chini, kiasi chembamba kama ukingo wa ukucha, kisha akausugua ubavu huo uwe laini usishike vidole. Niligundua jambo hilo nikiwa nimeshakomaa kazini, huko Shelui, wakati karata hiyohiyo ilipokaribia kumfukuza mwanamke mmoja nyumbani kwake. Hadi leo sijui aliyeikata ni nani. Nimewauliza watu wawili ambao wangeweza kuushika wembe huo, na kila mmoja alinijibu kwa namna iliyonizidishia shaka.

Naandika kwa ajili yenu vijana mnaosoma karata kwenye simu. Mjukuu wangu hunionyesha. Naona mikono mizuri yenye kucha za rangi, karata inaruka, na msomaji anashtuka kama mtu aliyeumwa na siafu. "Bibi, imejitoa yenyewe!" mjukuu ananiambia. Mimi namwambia arudishe nyuma nione kidole gumba. Kidole gumba hakionyeshwi kamwe. Kwa hiyo nimeona niwaeleze kazi hii ilivyofanywa wakati wetu, na kwa nini mtu aliyeifanya maisha yake yote anaitazama bado kwa jicho moja lililofumbwa.

Nilianzia Singida mjini, katika duka la vitambaa la mjane mmoja wa Kihindi. Wateja wote walimwita Mama wa Dukani. Nilitoka kwetu Ihanja asubuhi hiyo kwa sababu nilisikia anatafuta binti wa kuuza. Nilimkuta ameketi nyuma ya kaunta, miwani puani, mikononi ana karata kubwa ambazo sijapata kuziona. Hazikuwa zile za vijana wa kijiweni. Zilikuwa karata za picha, ambazo watu wa nje huziita taroti. Zina makundi manne, Vikombe, Fimbo, Panga na Sarafu, na juu ya hayo zina picha zinazojitegemea kama Mnara, Mwezi na Kifo. Alitumiwa karata hizo na mtoto wa kaka yake aliyeko Ulaya, akajifunza mwenyewe kidogo kidogo, na wanawake wa mjini wakaanza kuingia dukani kutafuta zaidi ya kitambaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kinyaturu unakijua?"

"Nimezaliwa nacho."

"Kiswahili chako kizuri. Nani kakufundisha?"

"Shule, Mama. Na redio."

Alikuwa anachanganya karata wakati wote akiniuliza. Nilimwona akizihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na mara karata moja ikachomoka, ikagonga ukingo wa kaunta, ikaanguka karibu na kandambili zangu. Nikainama.

"Usiiguse!" Sauti yake ilimfanya hata fundi cherehani wa barazani asimamishe mguu. "Niambie kwanza. Ilipoanguka, ulikuwa unawaza nini?"

Sikuwa na jibu la adabu, nikasema ukweli. "Nilikuwa nawaza kwamba Mama ananiuliza maswali ili nisitazame mikono yake."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Okota. Mkono wa kushoto."

Ilikuwa picha ya mwanamke kwenye kiti cha enzi, ameshika upanga wima. "Malkia wa Panga," Mama wa Dukani akasema. "Mwanamke anayeona na hadanganywi haraka. Utanifaa, binti. Kesho uje saa mbili, na uje na viatu, si kandambili."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kitambaa niliuza, lakini kazi yangu hasa ilikuwa chumba cha nyuma. Wanawake wa vijijini walikuja na shida zao kwa Kinyaturu, mimi nikazigeuza Kiswahili, na jibu la Mama nikaligeuza Kinyaturu. Mkalimani husikia kila kitu mara mbili, na anayesikia mara mbili hukiona kilichopungua.

Sasa niwaeleze ufundi wenyewe, kwa sababu mengi ninayoyaona kwenye simu yamekatwa kichwa. Kusoma kuna hatua tatu, yaani kuchanganya, kukata na kutandika. Karata ikiruka kabla ya kutandikwa tunaiita iliyojitoa. Wengi huamini kwamba iliyojitoa ina uzito kuliko zote zitakazotandikwa, kwa kuwa haikuchaguliwa na mtu. Mama wa Dukani alikuwa na kanuni yake juu ya hilo, na alinifanya niirudie kila asubuhi kabla ya kufungua milango.

"Karata imeanguka. Unasoma nini kwanza?"

"Nasoma kilichoiangusha."

"Nini kinaweza kuiangusha?"

"Mkono wenye jasho, upepo, karata mpya inayoteleza, pindo la kanga, meza iliyoinama."

"Na ukiviondoa vyote hivyo?"

"Hapo ndipo naisoma karata."

Kama feni ilikuwa inazunguka, karata ilirudishwa bila neno. Kama hakukuwa na sababu, mteja aliulizwa alikuwa anawaza nini, kisha akaiokota mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Iliyoanguka chali ilihusu jambo ambalo watu wameshalijua. Iliyoanguka kifudifudi ilihusu jambo ambalo mteja analijua na analificha, kwa hiyo haikufunuliwa mpaka akubali. Wapo waliokataa, wakaaga, wakaenda zao, na Mama hakuwazuia. Picha ikiwa kichwa chini, jambo litachelewa. Karata ikiangukia upande wa msomaji, ilikuwa yake msomaji, na kazi ilisimama siku hiyo.

Kanuni ya mwisho aliisema kwa ukali kuliko zote. "Karata haina jina la mtu. Mteja akitaja jina, wewe funga mdomo. Usiliongeze, usilitikisie kichwa."

Malkia wa Panga alijitoa mara nyingi katika chumba kile. Nilishawahi kusema, "Mama, huyu haishi kutoka." Akajibu bila kuinua macho, "Ana mguu mwepesi." Nililipokea jibu hilo kama mtu anavyopokea chenji bila kuihesabu.

Mama alipozeeka, mwanawe alimhamishia Mwanza. Duka liliuzwa pamoja na rafu zake. Siku ya kuaga nilimwuliza karata zimekwenda wapi, kwa kuwa moyoni nilidhani zingebaki kwangu. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Zimekwenda Shelui. Kama unataka kazi, zifuate."

Nilizifuata, nikawa mkalimani wa aliyezichukua, ambaye tulimwita Fundi. Alikuwa utingo wa malori kabla mgongo haujamshinda, na alikuwa akipita dukani kwa Mama kila gari lake lilipolala Singida. Shelui aliweka kibanda cha bati nyuma ya gereji, mahali malori ya Nzega yanaposimama. Madereva waliingia wakiwa na harufu ya dizeli, wakitaka kujua kama njia ni salama na kama wake zao wametulia. Fundi alikuwa mcheshi, na walimpenda.

"Fundi, hiyo imeanguka kwa sababu mikono yako imejaa grisi!" dereva mmoja alimwambia.

"Grisi inashikisha, mpumbavu wewe. Ingekuwa grisi isingeanguka hata moja."

Nilimkubali, lakini sikumwamini. Hakuuliza kilichoangusha karata. Karata ikigusa chini alikuwa ameshaanza kusema. Tena hakusubiri mteja ataje jina. Alimwongoza kama ndama: "Ni mtu wa karibu? Ni mwanamke? Ni mtu mzima mzima hivi?" Mteja aliitikia kidogo kidogo mpaka jina likatoka kinywani mwake mwenyewe, na Fundi akakaa nyuma kama mtu aliyeona kwa macho. Mtendaji wa kata alishapita kibandani kumwonya.

"Kusoma picha zako soma. Ukianza kutaja wachawi, hiyo ni ramli chonganishi, nitakufunga."

"Mheshimiwa, mimi sijawahi kumtaja mtu hata siku moja," Fundi akajibu. Na ukiyachukua maneno yake kama yalivyo, alikuwa anasema kweli.

Kisha akaja Zefania. Alikuwa mfugaji wa kijiji kilicho nje kidogo ya Shelui, mtu wa miaka kama arobaini, mkimya. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa, mmoja mmoja, povu mdomoni. Alipotaka kusema jambo zito alihamia Kinyiramba, nami nikakitafsiri, kwani mtu wa Kinyaturu akikaa nacho hakimpi taabu. Fundi alichanganya. Malkia wa Panga akachomoka, akaanguka chali, kichwa juu, mbele ya magoti ya Zefania.

"Mwanamke," Fundi akasema. "Hana mume. Wa karibu?"

"Karibu sana," Zefania akasema.

"Mpo mpaka mmoja?"

Zefania akatamka kwa Kinyiramba, polepole, na mimi nikatafsiri kwa sababu ndiyo kazi yangu: "Ni mama mdogo. Raheli."

Raheli alikuwa mdogo wa mama yake Zefania, mjane, na shamba lake lilipakana na zizi la Zefania. Wazee wa leo mnajua, na vijana mnapaswa kujua, kwamba jina la mjane likishatajwa mahali kama pale, halirudi nyumbani peke yake. Linarudi na watu. Wengine hufukuzwa usiku huohuo na kibuyu kimoja. Wengine hufanyiwa mabaya kuliko hayo.

Fundi alikuwa na desturi yake aliyoiita kuthibitisha. Mteja alirudi na wazee wa ukoo, na ikiwa karata ileile itajitoa tena mbele yao, neno lilikuwa limekwisha. Akampa Zefania miadi ya kesho yake alasiri. "Mje na yeye mwenyewe," alimwambia.

Asubuhi Fundi alipokwenda kunywa chai, nilifanya ambalo Mama wa Dukani angenitaka nifanye. Nilisoma kilichoiangusha. Meza ilikuwa sawa, niliipima kwa bakuli la maji. Feni haikuwepo. Nikazigonga karata zote mezani zikae sawa, nikapitisha kidole gumba ubavuni. Kidole kiliteleza vizuri, kikafika mahali kikazama. Nikavuta karata iliyozama. Alikuwa Malkia wa Panga. Nikamweka juu ya mwenzake, na ukingo wa mwenzake ukaonekana ubavuni, mwembamba kama uzi.

Nikazichanganya mwenyewe. Nilipozishika mkono wa kulia, hakutoka. Nilipozihamishia kushoto nikaziinamisha kidogo mbele, alichomoka, akaangukia mahali angekaa mteja. Nikarudia. Akachomoka tena. Nilikumbuka mikono ya Mama wa Dukani juu ya kaunta.

Nilikwenda ofisini kwa mtendaji nikakuta kufuli. Mlinzi akasema, "Kaenda Kiomboi kwenye kikao. Labda kesho." Kesho mambo yangekuwa yameshapita. Nikarudi kibandani, nikamtoa Malkia wa Panga katika zile karata, nikamfunga ndani ya pindo la kanga yangu.

Alasiri walifika. Zefania, mdogo wake, wajomba wawili wenye fimbo, na katikati yao mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Alijikalisha mwenyewe kwenye mkeka, akakunja miguu, akamtazama kila mmoja.

"Hamjambo," Mama Raheli akasema. "Zefania, hata shikamoo leo umeimeza?"

Fundi akaanza. Alichanganya kulia, akahamishia kushoto, akainamisha. Hakuna kilichotoka. Akarudia. Bati lilikuwa la moto na jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Wajomba wakaanza kutazamana. Fundi akanitupia jicho la haraka, nami nikamrudishia jicho la mkalimani, ambalo halina kitu.

"Shetani wenu amelala?" Mama Raheli akauliza. "Mpigeni teke aamke, mimi nina kuku wa kufungia."

Mjomba mmoja alicheka kabla hajajizuia. Na hapo, katikati ya kicheko, karata ikaruka kweli. Ilianguka chali karibu na mkeka, na kila mtu aliinama. Haikuwa ya mwanamke. Ilikuwa Vikombe Vitano, picha ya mtu aliyevaa joho jeusi akitazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake viwili vimesimama asivione.

Fundi alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alizoea kusoma karata aliyoitegemea. Kimya kilikuwa kirefu, nami nikaona wajomba wanaweza kukijaza wenyewe, na sikupenda watakijaza na nini. Nikasema kwa Kinyiramba, kana kwamba namtafsiria Fundi aliyenong'ona:

"Anasema karata hii inatazama kilichomwagika. Ng'ombe wenu wanakunywa wapi?"

"Lamboni," mjomba mkubwa akasema.

"Na lamboni nini kimemwagika?"

Waligeukiana. Mjomba mkubwa akamtazama yule mdogo wa Zefania. "Wewe bomba la kupulizia dawa ya pamba unaliosha wapi?"

"Mbona kila mtu anaosha pale!"

"Nimekuuliza wewe."

Wakaanza kubishana wao kwa wao, wakainuka, na ubishi ukatoka nao nje mpaka barabarani. Mama Raheli alibaki kidogo. Aliiokota ile karata kwa mkono wa kushoto, ingawa hakuna aliyemwelekeza, akanikabidhi.

"Wewe binti ndiye uliyesema," akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyu mwanaume hakunong'ona kitu."

Nisiwadanganye kwamba nilijua. Vikombe vilimwagika kwenye picha, nikauliza habari za maji. Kama ingeanguka Mnara ningeuliza habari za nyumba. Bwana mifugo alikuja baadaye akachukua maji ya lambo kwenye chupa, na majibu ya chupa ile hayajarudi. Ng'ombe waliendelea kufa kidogo mpaka mvua ziliponyesha, kisha vifo vikakoma. Wapo wanaosema lambo lilijaa maji mapya. Wapo wanaosema mengine. Nina hakika ya jambo moja tu, kwamba Mama Raheli alilala nyumbani kwake siku ile.

Jioni Fundi alizihesabu karata mara mbili.

"Moja haipo," akasema.

"Labda imejitoa," nikasema.

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na aliyekamata. "Mwajuma, kesho usije."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Itigi. Hapo sikuwa na mkubwa juu yangu. Nilikuwa na meza yangu karibu na soko, na karata mpya nilizoagiza Dar es Salaam. Wateja wangu walikuwa abiria wanaosubiri treni na warina asali wanaotaka kujua waitundike mizinga upande gani wa pori. Nilifanya kazi kwa kanuni za Mama wa Dukani, na niliongeza mbili zangu. Kila asubuhi niligonga karata mbele ya mteja wa kwanza, apitishe kidole chake ubavuni. Na anayechanganya alikuwa mteja, si mimi. Karata zilizojitoa zilipungua mno, na wateja wakapungua nazo. Watu hupenda kitu kiruke.

Mwaka mmoja Fundi alishuka kwenye treni ya Tabora, amekonda, anatembea na mkongojo. Alinikuta mezani. Nilimwagizia chai, na kabla hajaimaliza nilimwuliza.

"Malkia wa Panga. Ulimkata lini?"

Aliweka kikombe chini. "Mimi?"

"Wewe."

"Mwajuma, kwa mgongo huu uliovunjika. Sikumkata. Nilizichukua kwa yule Mama zikiwa hivyo. Siku ya kwanza tu nikaona huyu anatoka kila ukiinamisha. Nikasema haya, Mungu kanipa mtumishi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua anaanguka. Sikujua kwa nini. Na sikuuliza." Akanywa chai. "Wewe ndiye uliyekuwa mtu wa kuuliza. Kwani kwa yule Mama hukuwahi kumwona akianguka?"

Nilikuwa nimeshachunguza karata ile mara nyingi. Mama wa Dukani alizifunga karata zake katika kitambaa kilichowahi kumwagikiwa manjano, na mbavu za karata zote zilikuwa na rangi ile. Niliwaza kwamba ubavu uliokatwa ukiwa mweupe, basi ulikatwa Shelui, na ukiwa wa manjano, basi ulikatwa Singida. Ubavu ule ni wa manjano nusu, na nusu una weusi wa mafuta ya gari. Fundi alizihifadhi katika kitambaa kilekile. Rangi ingeweza kumfikia hata akiwa amekatwa jana. Hakuna mahakama inayoweza kutoa hukumu kwa ushahidi huo, na mimi pia sikuweza.

Macho yaliponipungukia niliacha kazi nikarudi Ihanja, ninalima alizeti na kuwasumbua wajukuu. Mstaafu ana muda mwingi wa kushuku. Mwaka huu nilipata namba ya mtoto wa Mama wa Dukani, naye akampa mama yake simu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni ileile.

"Shikamoo, Mama. Mimi Mwajuma wa chumba cha nyuma."

"Marahaba, binti! Bado unavaa kandambili?"

Tulicheka. Nikamwuliza habari za afya, akaniuliza za watoto. Kisha nikasema, "Mama, nina swali la kazi. Malkia wa Panga alikatwa ubavu. Unajua aliyemkata?"

Nilisikia televisheni ya nyumba ile, na mtu akifunga mlango.

"Unaye wewe?" akauliza.

"Ninaye."

"Nilidhani amepotea. Mimi sikumkata. Lakini usimtupe, binti. Ukipata mtu wa kuaminika anakuja Mwanza, mpe aniletee."

Sijampeleka. Mtu asiyejua lolote juu ya karata iliyokatwa angeniuliza kwanza, imekatwaje? Mama hakuuliza.

Wiki mbili baada ya hapo nilipanda basi kwenda Shelui. Niliona kwamba mwenye haki ya kujua si mimi. Mama Raheli sasa ni mzee sana, haoni vizuri, lakini yupo palepale, kwenye nyumba ileile. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamwekea karata mkononi pamoja na nyingine ya ukubwa uleule, kutoka zile za Itigi, ya kulinganisha. Alipitisha kidole kwenye mbavu zote mbili.

"Kweli," akasema. "Hii imenyolewa."

"Fundi anasema si yeye. Mama wa Dukani anasema si yeye."

"Na wewe umekuja kuniambia mmoja wao anadanganya."

"Nimekuja kukuambia kwamba si karata iliyokuchagua, Bibi. Ni wembe."

Alizirudisha zote mbili mapajani mwangu. "Mwajuma, wembe ulimwangusha mwanamke. Mwanamke yeyote. Siku ile jina langu nani alilitia?"

"Zefania."

"Na Zefania alipewa na nani? Au alitoka nalo nyumbani?"

Nilijaribu kukumbuka. Fundi alikuwa ameuliza, "Mpo mpaka mmoja?" Kwa miaka yote nilidhani alibahatisha, kama alivyobahatisha kwa madereva. Sasa nilijiuliza Fundi alijuaje habari za mpaka.

Fundi ameshafariki. Zefania alihama na ng'ombe waliobaki kwenda upande wa Tabora, na namba aliyoacha haipatikani. Zizi lake ni tupu. Nilipoaga, Mama Raheli alinisindikiza akishika bega langu mpaka mwisho wa shamba, tukasimama kwenye uzio wa minyaa aliouotesha marehemu mumewe kutenganisha shamba na zizi. Uzio wote umesitawi, isipokuwa sehemu moja inayotazama zizini. Hapo minyaa iling'olewa na mizizi yake, mstari mzima, kana kwamba mtu alitaka shamba na zizi viwe kitu kimoja, na mashimo bado yanaonekana.

"Iling'olewa lini?" nikamwuliza.

"Niliporudi kutoka kibandani siku ile niliikuta hivyo," akasema. "Asubuhi niliiacha imesimama, au sikuitazama. Sikumbuki kama niliitazama."